MATHIAS ZDARSKY, MWALIMU ALIYEFUNDISHA WATU KUTEMBEA JUU YA THELUJI (1856-1940)



Katika gazeti letu tumezoea kusoma maisha ya wafalme, ya waganga wakubwa na ya watu waliovumbua mashini. Leo ninawaletea maisha ya mwalimu. Hakuwa tajiri, hakutawala inchi yoyote, tena alikuwa na jicho moja tu la kuonea. Lakini katika milima ya Ulaya watu wengi wanafuata mpaka leo njia aliyoifungua, hata wale wasiojua jina lake. Anaitwa Mathias Zdarsky.

Mbele ya kuingia katika maisha yake inafaa tuelewane juu ya theluji, sababu wengi wetu hatujaikanyaga. Ndugu zetu wa upande wa Beni na Mutwanga wameiona kwa mbali, asubuhi mawingu yanapofunguka juu ya Ruwenzori. Kilele cha Margherita kina mita 5,109 na kinakaa kwenye mpaka wetu na Uganda. Ile nyeupe ya kule juu inapungua mwaka kwa mwaka, juu dunia inazidi kupata joto. Lakini katika milima ya Alpi, inayopita Ufaransa, Uswisi, Italia na Austria, theluji inaanguka kila mwaka wakati wa baridi na kufunika njia, mashamba na mapaa ya nyumba.

Theluji si kama barafu ya frigo. Inaanguka polepole kama pamba. Leo inaanguka moja, wiki ijayo inaanguka nyingine juu yake, na zinapangana kama mablanketi juu ya kitanda. Mablanketi haya hayashikamani sawasawa. Mara nyingine katikati yake kunakuwa tabaka dhaifu, lenye punje zisizoshikana, kama sukari. Mtu anapita juu, uzito wake unavunja lile tabaka, na bamba zima la theluji linakatika na kushuka. Hilo ndilo poromoko la theluji. Linaweza kukimbia zaidi ya kilometa 100 kwa saa. Kiisha kusimama, ile theluji iliyokuwa laini kama unga inakuwa ngumu karibu sawa na simenti, na mtu aliye ndani hawezi kusogeza hata kidole.

Sasa turudi kwa mwalimu wetu.

Mathias Zdarsky alizaliwa tarehe 25 Februari 1856 katika kijiji cha Kožichovice, karibu na mji wa Třebíč, katika jimbo la Moravia. Wakati ule Moravia ilikuwa chini ya mfalme mkuu wa Austria. Leo ni sehemu ya inchi ya Cheki. Akingali mtoto alipata ajali, akapoteza jicho lake la kushoto. Wengine wangemhurumia na kumwacha akae nyumbani. Yeye alisoma, akawa mwalimu wa shule, tena akajifunza kuchora picha na kuchonga sanamu. Alipenda pia mazoezi ya mwili, na hakuamini neno lolote mbele ya kulijaribu kwa mikono yake mwenyewe.

Mwaka 1889, akiwa na miaka 33, aliacha maisha ya mji akanunua shamba mahali panapoitwa Habernreith, karibu na Lilienfeld, kusini-magharibi ya mji mkubwa wa Vienna. Pale alikaa peke yake katikati ya miteremko. Wakati wa baridi theluji ilifunga njia, na kwenda kwa jirani kuliomba nguvu za siku nzima.

Mwaka mmoja mbele ya pale, katika 1888, Mnorwei Fridtjof Nansen pamoja na wenzake 5 walivuka Greenland, kile kisiwa kikubwa cha barafu, wakivaa ski. Ski ni mbao 2 ndefu na nyembamba, zinazofungwa chini ya viatu ili mtu asizame katika theluji, bali ateleze juu yake. Nansen aliandika kitabu juu ya safari ile. Zdarsky alikisoma, akaagiza ski kutoka Norwei.

Alipozifunga miguuni aliona shida mara moja. Ski za Norwei zilikuwa ndefu sana, na kamba zake zilishika kiatu kwa kulegea. Katika vilima vya Norwei zilifaa. Lakini miteremko ya Lilienfeld ni mikali, ina miti na mawe, na mtu aliyeshindwa kugeuka aliishia kwenye mti. Mwingine angesema kwamba ski hazifai kwetu, mambo yamekwisha. Zdarsky hakusema hivyo. Alizikata ziwe fupi. Akatengeneza kishikio cha chuma cha kufunga kiatu imara, akakijaribu, akakitupa, akatengeneza kingine. Kazi hii ilimchukua miaka. Hakuwa na mwalimu wa kumwonyesha, alikuwa na mteremko na mwili wake tu. Kati ya 1896 na 1897 kilitoka kitabu chake juu ya namna ya Lilienfeld ya kutembea kwa ski. Kilikuwa kitabu cha kwanza kilichoeleza kwa utaratibu namna ya kushuka miteremko mikali ya Alpi.

Ninaomba mwangalie vizuri alichokitafuta. Hakutafuta mbio. Alitafuta kwamba mtu wa kawaida, mwanamume au mwanamke, aweze kushuka mteremko wowote bila kuanguka, kugeuka anapotaka, na kusimama anapotaka. Kwake yeye, mwenye kukimbia sana bila kuweza kusimama hakuwa fundi hata kidogo.

Habari zilienea. Watu walianza kutoka Vienna kwa treni kuja Lilienfeld kujifunza. Zdarsky aliwafundisha kwa maelfu katika miaka ile, na hakuwatoza pesa. Aliwapanga mstari kama askari. Alikuwa mkali: alitaka kila mmoja afuate agizo, na wenye nguvu wangoje wenye kuchoka. Tarehe 19 Machi 1905 alipanga shindano juu ya mlima wa Muckenkogel. Washindani walikuwa 24, mmoja wao mwanamke, na walipaswa kupita milango 85 iliyosimamishwa kwa miti midogo njiani. Hapo napo kilichopimwa kilikuwa kuongoza ski katika kona nyingi. Mashindano ya ski ya kupita milango, ambayo leo yako katika Michezo ya Olimpiki ya wakati wa baridi, watu wengi wanahesabu mwanzo wake pale.

Tusimfanye malaika. Zdarsky alikuwa kichwa kigumu. Alishikilia kwamba fimbo moja inatosha, na alibishana kwa maneno makali na wale waliotaka fimbo mbili. Leo kila mtu wa ski anashika fimbo mbili. Katika jambo hilo wapinzani wake walishinda. Kumbe mtu anaweza kuwa fundi mkubwa katika jambo moja na kukosea katika jambo la jirani yake.

Kisha vita vikaja. Mwaka 1914 Vita vya Kwanza vya Dunia vilianza, na mwezi wa Mei 1915 Italia iliingia kupigana na Austria. Mpaka wa inchi hizi mbili ulipita juu ya vilele vya Alpi. Majeshi yalipanda juu kabisa, yakachimba mashimo katika barafu, yakakaa huko hata wakati wa baridi, mahali ambapo mbele ya vita hata mchungaji wa mbuzi hakubaki. Askari wengi walitoka mashambani pa tambarare, hawakujua mlima. Basi maporomoko ya theluji yaliwaua askari kwa maelfu.

Jeshi la Austria lilimwita Zdarsky awe mshauri wake wa mambo ya milima. Alifundisha askari kutembea, kuchagua njia na kupima theluji. Tarehe 28 Februari 1916, siku 3 tu kiisha kutimiza miaka 60, alikuwa katika milima ya mpaka wa kusini, katika kazi ya kusaidia watu waliopatwa na poromoko. Poromoko lingine likashuka. Likamchukua, likamsokota na kumfunika.

Alitolewa akiwa hai. Lakini mwili wake ulikuwa na mahali karibu 80 palipovunjika au kuteguka. Themanini! Sisi tukivunjika mkono mmoja katika mpira wa miguu tunakaa nje ya uwanja miezi. Wengi walifikiri kwamba hatasimama tena. Yeye alijitungia mazoezi na vyombo vya kunyoosha mwili wake, kama vile zamani alivyotengeneza vile vishikio vya chuma: akijaribu, akiacha, akianza upya. Miaka ikapita na maumivu hayakumwacha, lakini alitembea tena, tena alivaa ski.

Katika mwaka uleule wa 1916, tarehe 13 Desemba, kulitokea msiba mwingine ambao lazima niutaje, juu unaonyesha kwa nini kazi ya mtu kama Zdarsky ilikuwa ya lazima. Chini ya kilele cha mlima Marmolada palikuwa na kambi ya askari wa Austria. Mahali pale palifichwa na mizinga ya Waitalia, kwa hiyo wakubwa walipapenda. Lakini juu yake ulisimama mteremko uliojaa theluji. Kapiteni wa pale, Rudolf Schmid, aliona hatari na akaomba kambi ihamishwe. Wakubwa wake walikataa. Theluji iliendelea kuanguka kwa wingi, kisha joto likaja. Mteremko ukakatika ukafunika kambi, na watu karibu 270 wakafa. Wazee wetu wanasema kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni kweli. Lakini pale Marmolada aliyeona hatari alikuwa mdogo, na wakubwa ndio hawakusikia.

Kiisha vita Zdarsky aliandika juu ya maporomoko ya theluji, na kitabu chake kilitoka karibu na mwaka 1930. Ndani yake alieleza pia namna yeye mwenyewe alivyofunikwa. Hakutaka watu waogope mlima wakae nyumbani. Alitaka wajue kwamba theluji, hata ikionekana nzuri na nyamavu, inaweza kuua.

Tangu siku zake elimu ya theluji imeendelea sana. Acheni niwaeleze kwa kifupi, namna tunavyofanya katika kipindi cha jeografia, mambo ambayo msafiri wa milima ya theluji anajiuliza mbele ya kuweka mguu.

Neno la kwanza ni ukali wa mteremko. Mabamba mengi ya theluji yanakatika kwenye mteremko wa digrii 30 mpaka 45. Chini ya 30 ni mara chache. Lakini mtu anaweza kutembea bondeni pa tambarare na kuuawa na theluji iliyokatika juu ya kichwa chake, kwa hiyo lazima apime pia mteremko ulio juu yake.

Neno la pili ni hali ya hewa ya siku zilizopita. Theluji mpya nyingi katika muda mfupi ni hatari. Upepo ni hatari zaidi, kwani unachukua theluji upande mmoja wa mlima na kuirundika upande wa pili, hata siku ambayo hakuna iliyoanguka. Joto la ghafula na mvua vinalegeza kila kitu.

Neno la tatu ni alama ambazo mlima wenyewe unatoa. Poromoko la leo au la jana kwenye mteremko wa jirani. Mpasuko unaokimbia mbele ya miguu. Ule mlio mzito wa tabaka linaloshuka chini ya mtu, kama ngoma iliyopigwa mara moja chini ya udongo. Mwenye kusikia mlio huo haongezi hatua, anarudi alikotoka.

Neno la ine ni mwenendo wa kikundi. Mahali pa hatari wanavuka mmoja mmoja, na wengine wanamwangalia kutoka mahali salama. Hakuna kupumzika chini ya mteremko uliojaa. Hakuna kwenda peke yake.

Siku za Zdarsky watu walivuta nyuma yao kamba ndefu nyekundu, wakitumaini kwamba wakifunikwa, kipande cha kamba kitabaki juu na kuwaonyesha wenzao. Leo kila msafiri anabeba kifuani chombo kidogo cha redio kinachotuma alama hata kutoka chini ya theluji, pamoja na fimbo ndefu ya kuchomea na pauro ya kuchimbia. Tangu 1993 inchi za Ulaya zinatumia kipimo kimoja cha hatari chenye ngazi 5, na wakati wa baridi tangazo linatolewa kila siku. Hata hivyo muda unabaki mfupi. Mtu asiyeumia sana, akitolewa katika dakika 10 za kwanza, mara nyingi anaishi. Kisha tumaini linashuka haraka, juu anakosa hewa. Gari la wagonjwa haliwezi kufika katika dakika 10. Wenye kumwokoa ni wale waliotembea naye, na kama hawakujifunza, chombo kifuani hakisaidii kitu.

Kuna jambo moja zaidi, na mimi lilinishitua kuliko yote. Kati ya watu wanaouawa na maporomoko wakiwa safarini katika milima, karibu 9 katika 10 lile poromoko lililetwa na wao wenyewe au na mtu wa kikundi chao. Mlima ulikuwa umetulia, wao wakaukanyaga mahali pabaya saa mbaya. Mara nyingi alama zilikuwa pale na waliziona. Lakini mmoja aliona haya kusema warudi, mwingine alifikiri kiongozi anajua, na kiongozi alifikiri kwamba wakirudi watamcheka.

Hapo, wenzangu, maisha ya Zdarsky yanatugusa hata sisi ambao hatuna theluji. Milima yetu ya Kivu nayo inashuka. Mwezi wa Mei 2023, katika teritwari ya Kalehe, mvua kubwa iliteremsha maji, matope na mawe juu ya vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, na zaidi ya watu 400 walikufa. Udongo si theluji, na watu wale walikuwa nyumbani na sokoni, hawakuwa wasafiri. Lakini mteremko ni mteremko, na mwenye kuusoma mapema anaweza kuokoa wengine, kama watakubali kumsikia.

Sisi viongozi wa wanafunzi tunapenda kutembea mbele ya mstari. Tukienda kuchota maji au kupanda kilima siku ya matembezi, tunafurahi kuonekana wa kwanza. Zdarsky alijua kwamba kazi ya mwenye kuongoza ni nyingine: kungoja wenye kuchoka, kusema turudi wakati wote wanataka kuendelea, kuhesabu watu jioni na kuona kwamba wametimia. Tena, mdogo wa kalasi ya kwanza akisema ameona hatari, kiongozi asimame aangalie, hata kama ni yeye mwenye ufunguo wa bweni.

Wengine watauliza: ikiwa Zdarsky alijua sana, kwa nini alifunikwa? Swali hili ni zuri, na jibu si gumu. Kujua kunapunguza hatari, hakuimalizi. Yeye alikwenda kwa sababu ya kazi ya kuokoa wenzake, na kazi ile ina bei yake. Ni mbali sana na mtu anayekanyaga mteremko mbaya kwa sababu ya kujionyesha.

Mathias Zdarsky alikufa tarehe 20 Juni 1940 katika mji wa St. Pölten, akiwa na miaka 84. Wakati ule vita vingine vikubwa vilikuwa vimekwisha kuanza, na askari walikuwa wanafundishwa tena kutembea juu ya theluji. Lilienfeld hawakumsahau. Kila mwaka wakati wa baridi, katika milima yote ya Alpi, watoto wadogo wanafundishwa jambo lile alilolitafuta peke yake pale shambani: kushuka polepole, kugeuka wanapotaka, na kusimama wanapotaka.

Ninawatakia wote kazi njema katika muhula huu, na zaidi wenzangu wa kalasi ya 6 tunaongoja mtihani wa serikali.

Mwanafunzi wa kalasi ya 6, kiongozi wa wanafunzi